Saa Kumi na Sita Bila Kelele

Kanuni ilikuwa moja, na iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi waliyopewa wasagaji wote: anayekuja kupimwa masikio asikae penye kelele kwa saa kumi na sita kabla ya kipimo. Nangila Sitati aliivunja mara moja na kuishika mara moja. Mara ile aliyoivunja haikumgharimu kitu. Nasimulia habari za mara ile aliyoishika.

Nangila ana miaka hamsini na mitatu. Babake alitoka Bungoma akaja Nakuru kufanya kazi ya reli, na yeye amesimama kando ya mashine ya posho huko Kaptembwo tangu akiwa na miaka ishirini na tisa. Siku za kazi huwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu. Jumapili alikuwa mtu mwingine. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya kwaya ya kanisa letu kama mwalimu wake, na hakuna aliyethubutu kuchelewa mazoezini.

Msagaji wa kwetu hufanya kazi kwa sikio. Mashine ikiwa na mahindi ya kutosha hunguruma kwa sauti nzito. Mahindi yakianza kuisha, inalia nyembamba. Mkanda ukilegea, unapigapiga, na msagaji anajua kabla hajageuka kuangalia. Kwa hiyo ukimwambia msagaji azibe masikio, anakuona kama mtu anayemwambia dereva afumbe macho. Nangila mwenyewe hakuwahi kuyaziba.

Mwaka jana alikuja Chepkorir, msichana wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti kuhusu kelele na masikio ya wafanyakazi. Aliweka kipimo chake ukutani karibu na mashine ya Nangila, kikasoma desibeli tisini na saba. Akaeleza kwamba kelele ya namna hiyo, siku baada ya siku, huua sikio polepole bila maumivu, na kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Alitaka kujua wasagaji thelathini na wanane wa mitaa yetu walikuwa wamepoteza kiasi gani. Jibu likiwa wazi, lingepelekwa kwa ofisi ya afya ya kaunti, ili kila mwenye mashine alazimike kuwapa watu wake vizibo vya masikio.

Kipimo cha kwanza kiliharibika kabisa, na kiliharibiwa na watu wazima wenye akili zao. Kilifanywa Jumatatu asubuhi. Wengine walikuja wakiwa wamesaga madebe mawili matatu kwanza, kwa sababu wateja walikuwa wamesimama mlangoni. Wengine walikuwa wametoka kwenye mkutano wa injili wa Jumapili jioni, na sote tunajua spika za mikutano yetu. Tumejizoesha kuamini kwamba Mungu hasikii mpaka mabati yatetemeke. Sikio lililotoka kwenye kelele huchoka, likipumzika hurudi. Ukilipima likiwa limechoka, huwezi kutofautisha uchovu na uharibifu. Wakubwa wa Chepkorir chuoni walizikataa hesabu zote.

Alikuja kwa Nangila, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha wasagaji, machozi yakiwa karibu.

"Mama, niliwauliza mmoja mmoja kama walikaa mbali na kelele. Wote walisema ndiyo."

"Walikudanganya," Nangila alisema. "Hata mimi nilikudanganya. Nilisagia jirani yangu debe moja asubuhi hiyo, nikanawa uso, nikaja kwako."

Chepkorir alikunja karatasi za hesabu zilizokataliwa.

"Panga siku nyingine," Nangila akamwambia. "Hawa watu niachie mimi."

Siku nyingine ikapangwa, Jumatatu moja ya mwezi wa sita saa mbili asubuhi, katika chumba kimoja tulivu huko Milimani, mtaa wa matajiri. Mashine ya kupimia ilikuwa ya kuazima na ingepatikana siku hiyo tu. Jumamosi Nangila aliwaita wasagaji wote mbele ya banda la mashine yake na kuwaambia kwamba kesho saa kumi jioni mashine zizimwe, redio zizimwe, na mtu asikanyage mahali penye spika.

Jamleck, mwenye mashine ya pili kutoka hapo na mdomo usiopumzika, aliinua mkono.

"Mathe, na nikikohoa pia nimevunja sheria?"

Watu wakacheka.

"Wewe ukinyamaza tu, tutakuwa tumepunguza kelele ya mtaa nusu," Nangila alimjibu, wakacheka zaidi.

Lakini Jamleck hakuwa amemaliza. "Sawa, mathe. Lakini si kesho kwaya yenu iko Njoro, kwa yale mashindano? Nimeona bango. Mnaimba saa kumi na moja, na spika zimepangwa kama ukuta. Ama hii sheria ni ya sisi wa huku chini?"

Kila mtu alimgeukia Nangila. Kwaya ilikuwa imejiandaa kwa miezi minne. Mwaka uliotangulia walikuwa wameshika nafasi ya pili, na mwaka huu walikuwa wanakwenda kuchukua ya kwanza. Angeweza kusema kwamba mwalimu wa kwaya haimbi, anapunga mikono tu. Angeweza kusema kwamba zile ni sifa za Mungu. Nimewasikia viongozi wakisema mambo mepesi kuliko hayo, na wakapigiwa makofi.

"Sitaenda," alisema.

"Umesema?"

"Umenisikia, Jamleck. Saa kumi nitakuwa nyumbani kwangu."

Jioni hiyo alimwendea mzee Kiptum, mwenyekiti wa kwaya, akamweleza.

"Mwalimu, umepagawa?" Kiptum aliuliza. "Watu arobaini wameshona sare mpya. Sasa nani atawaongoza?"

"Wewe. Wimbo unaujua."

"Kwa sababu ya masikio ya wasagaji?"

"Kwa sababu nimewaambia watu thelathini na saba wasifanye jambo fulani. Nikilifanya mimi, kesho kutwa yule msichana atapata uongo mara ya pili, na hatarudi."

Jumapili saa tisa na nusu alizunguka kwa miguu kutoka mashine hadi mashine, na saa kumi zote zilikuwa zimezimwa. Akaingia nyumbani, akafunga redio, akaketi kuchambua maharagwe. Huko Njoro, Kiptum aliuanza wimbo kwa mwendo wa mazishi na kuumaliza kwa mwendo wa kukimbizwa. Kwaya yetu ikawa ya pili kutoka mwisho. Waliporudi, wengi walisema wazi kwamba Nangila amewauza.

Jumatatu asubuhi wasagaji walifika Milimani, safi na bila unga. Jamleck alisimama langoni akasikiliza. "Huku hata mbwa wanabweka kwa adabu," alisema, kisha akajifunika mdomo mwenyewe. Wawili walikiri kwamba walipitia kwenye sherehe ya harusi yenye muziki. Nangila aliwashukuru kwa kusema kweli, akawarudisha nyumbani. Thelathini na sita waliobaki waliingia mmoja mmoja, wakavaa visikizi, wakabonyeza kitufe kila waliposikia mlio. Hesabu zao zilikubaliwa chuoni zote. Ishirini na tatu walikuwa wamepoteza uwezo wa kusikia, na hakuna aliyeweza kusema ni uchovu.

Chepkorir alimletea Nangila matokeo yake mkononi, kwa bahasha iliyofungwa. Nangila akaifungua. Kwenye grafu, mstari ulianza juu vizuri, kisha ukaporomoka ulipofikia sauti nyembamba.

"Mama, sauti nzito unazisikia sawa. Shida ni zile nyembamba. Herufi kama S, F na T hazikufikii vizuri. Utakuwa unaona watu kama wanameza maneno."

Nangila aliweka karatasi chini.

"Tangu lini?"

"Si jambo la juzi. Ni miaka."

Lazima nieleze hapa kilichompata. Kwa miaka miwili alikuwa akiwagombeza waimbaji wa sauti ya kwanza kwamba wanameza maneno. Alimwondoa Akoth, msichana mwenye sauti safi kuliko wote, kwenye mstari wa mbele na kumnyima kuimba peke yake. Alimwambia mbele ya watu kwamba ana mdomo mvivu. Akoth alilia, akahamia nyuma, akaendelea kuja kila Jumamosi.

Kama Nangila angekwenda Njoro, angekuwa na pa kujificha. Angesema masikio yalikuwa yamechoka siku ile, kipimo hakina maana. Kanuni aliyoishika ilimwondolea neno hilo kinywani.

"Karatasi ni yako, mama," Chepkorir alisema. "Mimi siruhusiwi kumwonyesha mtu. Hakuna atakayejua."

Jumamosi iliyofuata alifika mazoezini kabla ya wote. Walipokusanyika, wengine bado wamenuna kwa sababu ya Njoro, aliifungua ile bahasha na kuinua grafu juu.

"Akoth, njoo mbele," alisema. Msichana alikuja, akiwa na hofu. "Mdomo wako haujawahi kuwa mvivu. Ni masikio yangu ambayo hayasikii. Nilikuaibisha hapa, kwa hiyo naomba msamaha hapa hapa."

Akoth alisema, "Mwalimu, hiyo ilishaisha."

"Haijaisha. Simama mahali pako."

Akoth akasimama katikati ya mstari wa mbele. Kiptum, ambaye wiki nzima alikuwa amemlalamikia Nangila kila mahali, aliinuka. "Mwalimu, hata na masikio nusu unatushinda sisi. Mimi nimeshaonja hiyo kazi. Kaa tu, tafadhali."

"Mzee, nitamsahihisha vipi mtu matamshi, na herufi zenyewe sizisikii? Tafuteni mwalimu mwingine. Mimi nitaimba sauti ya pili pale nyuma, ile nzito ya wanawake, hiyo naisikia."

Nimehudhuria ibada nyingi, nimesikia toba nyingi zilizopambwa kwa machozi na vinanda. Hii haikuwa na chozi hata moja, na ndiyo pekee ninayoweza kuwasimulia watoto wangu bila kuona haya.

Siku hizi Nangila huvaa vizibo kazini. Unga anaupima kwa kuusugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na amewafundisha wasagaji wengine kufanya hivyo. Jamleck naye huvaa, ingawa anasema amevaa ili asisikie wateja wakiomba mkopo. Ripoti ya Chepkorir imefika kaunti, na bado tunangoja jibu.

Kilichopotea katika masikio ya Nangila hakirudi. Na kushika kanuni ya saa kumi na sita kulimgharimu kwaya aliyoifundisha kwa miaka kumi na tisa.