Holi ya Duara na Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda soko la Gakoromone kununua nyanya, narudi nimechoka kama aliyelima shamba zima. Basi usiniulize nilikuwa nafuata nini siku ile mchoraji wa ramani za majengo alipoita watu wa mtaa watoe maoni kuhusu holi mpya ya kukutania, hapo karibu na soko. Mke wangu anasema nilifuata soda. Mimi nasema uzalendo.

Mchoraji akauliza watu wangependa kukaa vipi. Kidato cha nne changu kikanipanda kichwani, nikainua mkono. Nikasema watu wa mjini hawaonani tena. Ijengwe holi ya duara, mlango mmoja, benchi la zege lizunguke ukuta, kila mtu amtazame mwenzake usoni. Nikapigiwa makofi. Ushauri ulinitoka rahisi kwa sababu sikuwa na mpango wa kukaa humo.

Ikajengwa hivyo hivyo. Jumamosi moja chama cha mke wangu, kile cha akina mama cha kuweka akiba, kikakutana humo, na waume tukaalikwa.

"Baba watoto, si wewe ulitaka watu waonane? Vaa viatu."

Chai ilikuwa imeanza kumiminwa mvua iliposhuka. Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe wangu kutoka sokoni, amelowa, anakohoa kile kikohozi chake cha wiki nzima.

Sasa, kwetu kuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawaketi wakitazamana. Katika nyumba ya watu wenye akili, mmoja hujibanza nyuma ya nguzo, maisha yakaendelea. Hapa mtaalamu fulani alikuwa amefuta nguzo na kona zote.

Mama akaniona. Akavuta leso usoni, akageuka kurudi kwenye mvua.

"Wewe! Mama atatufia huko nje!" mke wangu akaninong'oneza.

Nitoke vipi, na mlangoni amesimama yeye? Nikapiga magoti juu ya benchi, nikaukabidhi ukuta uso wangu, kama mtoto aliyekosa hesabu.

Wanawake wakaangua kicheko. "Fundi, unakagua rangi?"

"Mwacheni, anatafuta kona!"

Kidogo nikasikia magoti mengine yakipanda benchi upande wangu wa kushoto. Bwana mmoja, mama mkwe wake ndiye mwenyekiti wa chama. Alikuwa amevumilia kutazama viatu vyake tangu asubuhi.

Nyuma yangu mama akaketi. Nikasikia kikombe, kisha kikohozi kikipungua.

"Mwambie huyo mtu wako nimeshukuru," akamwambia binti yake, kwa sauti ya kufika Embu. "Na umwambie asigeuke. Bado nakunywa."

Sikugeuka. Mvua ilikaa sana, magoti yakafa ganzi, na chai yangu nikaisikia ikinywewa na mtu ambaye mpaka leo simjui.