Misalaba ya Bibi Harriet

Nichekeni kwanza mmalize kabisa, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa. Mimi Idrisa, mwalimu wa baiolojia wa miaka minne kule Morogoro, mtu niliyewafundisha watoto wa sekondari kudondoshea kiazi ayodini ili waone wanga, nimewahi kusimama (sawa, nilikuwa nimekaa, lakini mnanielewa) mbele ya watu arobaini nikawatangazia kwa sauti ya kutetemeka jambo ambalo hata leo likinijia nikiwa kwenye tramu nafumba macho, abiria wakadhani nasinzia.

Ilikuwa ule mwaka wa pili wa korona. Sydney imefungwa, huruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka kwako, chuo nilichokuja kusoma kimefunga milango yake na tramu zinapita Kensington tupu kabisa, taa zimewashwa mchana. Nilikuwa nimepanga nyumba na dada mmoja wa Bukavu, Furaha, aliyekuwa akifanya shifti kwenye ghala moja karibu na Port Botany. Yeye alikuwa na mahali pa kwenda, mimi nilikuwa na dirisha. Ng'ambo ya barabara alikaa Bibi Dorothy, mzungu wa miaka themanini na kitu, nikimpelekea maziwa na mkate naviacha mlangoni halafu tunapungiana mikono, yeye ndani, mimi getini, barakoa imenifika karibu na macho.

Siku moja akanipigia simu. Anahamia makao ya wazee, ataruhusiwa kwenda na masanduku mawili tu ya nguo, na ana kasha la babu wa babu yake hajui alipeleke wapi. Mwanawe yuko Perth, mipaka ya majimbo imefungwa, naye amesema hayo ni makorokoro, yatupwe. Kipo chama cha wapenzi wa hadubini ambacho kingeweza kulipokea kasha lote na kulitunza kwa jina la babu, ila kinataka kwanza mtu awaeleze kwenye mkutano wa mtandaoni huyo babu alikuwa nani na kazi yake ilikuwaje. "Wewe umesoma mambo ya wadudu," akaniambia. "Usiwaache wakamtupa, Idrisa."

Sasa mimi mkinipa kitu kidogo cha kuangalia na hakuna anayeniita, basi mmenipoteza. Kasha nililolichukua mlangoni kwake lilikuwa na droo nyembamba, na kila droo imelaza slaidi zake, vipande vya kioo vyenye kitu kidogo katikati kilichofunikwa kwa kioo kingine chembamba zaidi, pembeni vimebandikwa karatasi za rangi. Babu mwenyewe, Edwin, alikuwa muuza vitambaa huko Uingereza enzi za Malkia Viktoria, na Jumapili akitoka kanisani alikaa dirishani akitengeneza hivyo vitu kwa raha yake tu. Alichukua vumbi la mabawa ya kipepeo, ambalo kwa kweli ni magamba madogo mno, punje mojamoja, kwa unywele wa sharubu za paka, akalipanga mpaka likawa chungu cha maua ambacho bila hadubini hukioni kabisa. Kulikuwa na daftari lake pia. "Mwanga mzuri leo," ameandika. "Nimepanga magamba kumi na manne. Nimepiga chafya." Nikampenda palepale.

Hadubini nilikuwa nimeazimwa idarani maabara zilipofungwa, nikaiweka kwenye meza yetu ya jikoni, ambayo ndiyo meza pekee tuliyokuwa nayo. Na hapa ndipo ulipo ule uamuzi mdogo ulioniponza: nilikataa kuzipangusa zile slaidi. Niliona si adabu. Vumbi lile nalo, nikajiambia, lina umri wake, nani anajua kama halikutoka dukani kwa Edwin (jamani, mtu akiwa peke yake sana hufika huko).

Wiki zikaenda hivyo. Nilikuwa naamka, nachemsha chai, nainama kwenye hadubini, na nikiinua kichwa chai imepoa, jua limehama ukuta na mimi sijui nilikuwa nchi gani. Mkewe Edwin aliitwa Harriet. Daftarini anakuja mara kwa mara kwa herufi moja tu, H., halafu ukurasa mmoja unasema amezikwa, halafu kurasa nyingi tupu. Na kwenye droo ya mwisho nikakuta slaidi isiyo na karatasi za rangi, imeandikwa neno moja tu: Harriet.

Niliiweka chini ya lenzi kubwa kwa pupa. Sikuona cha maana, vitone hafifu na chini yake kivuli cha kahawia nilichokihesabu kuwa gundi iliyozeeka. Nikachukua miwani ya jua ya Furaha iliyovunjika, ile ya kuzuia mng'aro barabarani, nikaweka kioo chake kimoja chini ya slaidi na kingine juu kwenye jicho la hadubini, nikakizungusha taratibu kuuchuja mwanga. Kukawa giza. Ndani ya giza vikawaka vitone vyeupe kama miezi midogo, makumi kwa makumi, na kila kimoja kina msalaba mweusi katikati.

Mimi Mwislamu, lakini nililia. Nilimwona yule mwanamume dirishani, duka limefungwa, anampangia mkewe misalaba isiyoonekana, aomboleze bila jirani yeyote kujua. Nikampigia simu Bibi Dorothy saa ileile, naye akalia, tukalia wote wawili kila mtu upande wake wa barabara. Akamsimulia mwanawe. Mwanawe, yule wa makorokoro, akasema basi lisitupwe.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi alasiri, mkutano. Nyuso arobaini kwenye skrini, wengi wao wazee, na Bibi Dorothy ambaye kamera yake siku zote ilionyesha dari. Nikaeleza habari za Edwin vizuri tu, halafu nikawaonyesha picha ya misalaba na kuwaambia, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi bafuni, kwamba hii ndiyo barua ya mwisho ya mume kwa mkewe. Mama mmoja akavua miwani yake akajifuta. Nikajiona mtu.

Mwenyekiti wao, mzee Colin, akakohoa. "Picha nzuri mno, Idrisa. Naomba tu kujua, hadubini yako iko kwenye meza gani?"

"Ya jikoni."

"Na hapo jikoni huwa mnapika nini?"

Kabla sijajibu, Furaha aliyekuwa ametoka shifti, bado yuko na kizibao chake kinachong'aa, akalisikia swali, akainama begani kwangu akaitazama skrini. "Ile? Lakini ile njo bunga yangu! Si minasukumaka chapati apa apa ku hii meza? Nilikuambia uondoshe mashini yako, ukasema niache, uko unafikiri!"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Watu arobaini wasiojua Kiswahili, na wote neno chapati wakalielewa.

Mzee Colin akaeleza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, kwamba wanga wa unga wa ngano ukiuangalia kwa vioo vya namna ile huwa vilevile, mweupe na msalaba mweusi, na kwamba kila mwanachama wao aliwahi kuuona mwaka wake wa kwanza. Mtu mmoja akacheka, akajizuia, wengine wakashindwa kujizuia. Nilitamani kuzima kompyuta na kuhamia jimbo lingine, ila mipaka imefungwa.

Kisha ile dari ikasema, "Kwa hiyo hakumlilia?"

Kicheko kikakatika.

"Sijui, Bibi."

"Ulijua wiki tatu zilizopita."

"Hapana," nikasema. "Nilitamani tu iwe hivyo."

Mzee Colin akaniomba niipanguse slaidi polepole, niishushe lenzi kidogo mpaka nione kilichomo ndani ya kioo, niwaambie kuna nini. Nikafanya hivyo. Ile gundi iliyozeeka ilikuwa mguu wa nzi, umekaa upande, umezungukwa na mapovu ya hewa.

"Hiyo si kazi ya Edwin," mzee akasema. "Asingekubali mapovu namna hiyo. Hilo ni jina la aliyeitengeneza, mwanafunzi wake."

"Hilo unalijua," Bibi Dorothy akauliza, "au nawe unatamani?"

Mzee wa watu akakiri kwamba anakisia.

"Idrisa, daftari unalo hapo?"

Nilikuwa nalo. Nikarudi nyuma, kwenye zile kurasa za kabla ya mazishi nilizokuwa nikizipita haraka kwa sababu hazikuwa na huzuni ndani yake. Ulikuwepo, mstari mmoja, kwa wino uleule. Nikawasomea: "H. amejaribu mguu wa nzi. Mapovu tupu. Tumecheka mpaka chai ikapoa."

Nilisikia Bibi Dorothy akivuta pumzi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaniomba mara ya tatu, na mara ya tatu alicheka, kicheko kidogo cha msichana ambacho sikuwahi kukisikia kwake hata siku moja. Chama kikalichukua kasha lote, na mguu wa nzi ukiwemo.

Furaha ananiita Daktari wa Bunga mpaka leo, nami naitika. Unga hauniumi. Kinachoniumiza ni ule ukurasa, kwamba wale wawili walikaa pale wakicheka na mimi nikawapita mara ngapi sijui, natafuta machozi. Kwa hiyo nimejiapiza: maisha ya mtu nikikabidhiwa niyaeleze, nitasoma kurasa zote, na nikiona nimeanza kulia kabla sijafika mwisho, ninyanyuke nikapanguse meza.