Chumvi Niliyowanyang'anya Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi ile baba yangu aliposhindwa kushika ndoo ya maziwa. Mwanangu, kaa chini nikwambie, maana ndoo ile niliiangusha mimi.

Tulikaa kwa shamba la mzungu upande wa Njoro, miaka ile ya hamsini, baba akiwa mkamuaji. Mama alikuwa amekufa, kwa hivyo sufuria ilikuwa yangu. Na nilijua kupika, sitajishusha. Wanaume walipita mlangoni kwetu polepole wavute harufu.

Kichwa kikamsumbua baba, akaenda zahanati. Daktari akamfunga kitambaa mkononi, akakijaza hewa, akatazama, akasema: damu imepanda, punguza chumvi, urudi kupimwa.

Wiki moja nilitii. Jioni moja baba akasukuma sahani.

"Wee mama, kuna mgonjwa hapa?"

"Si ni wewe, baba."

"Mgonjwa anakamua ng'ombe kumi na wawili? Hata hao wanalamba chumvi, mimi nile nyasi?"

Jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto akacheka. "Huyu msichana mikono yake imekufa. Nani ataoa?"

Neno hilo lilinichoma. Kesho yake nikaenda zizini, nikavunja kipande cha lile jiwe la chumvi wanalolamba ng'ombe, nikakifunga kwa leso. Kila jioni nilikizungusha ndani ya mboga, nikakitoa, nikakikausha. Baba akalamba vidole. Kichwa kikaacha kuuma, tukasema amepona. Kupimwa hakurudi.

Ndipo ndoo ikaanguka. Nilikuta maziwa yanapita kwa samadi, mdomo wa baba umeenda upande, jicho moja linanitazama. Alitaka kuniita, ikatoka sauti ya ndama. Mpaka leo ndama akilia, nageuka nikidhani ni yeye.

Shangazi alikuja kumuuguza, akalipata jiwe ndani ya leso. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa unalisha sifa zako," akasema. "Baba yako alikuwa sahani tu."

Mvua iliyofuata moyo wa baba ulisimama. Hakuwa ameniita tena. Majuto ni mjukuu, na huyu nimemlea tangu usichana.

Mwanangu, ugonjwa huu wa damu kupanda haubishi hodi. Utacheka nao, utalima nao, na unakula moyo wako. Enda upimwe hata kama hakuna kinachouma. Ukipewa dawa meza, usiache ati kwa sababu umejisikia vizuri. Chumvi iwe kidogo, na anayecheka mboga yako acha acheke. Mimi napika hivyo, na nani ataniambia kitu?

Mungu aupe moyo wako mwendo wa pole, na watoto wako wakusikie ukiwaita kwa majina mpaka uzeeni.