Fedha ya Mahali pa Midomo

Mjukuu wangu, sasa una nyundo yako na koleo lako, na watu wameanza kukuita fundi. Sikuonei wivu, ingawa kidogo nakuonea. Kaa hapa nikuambie jambo ambalo mimi niliambiwa kwa ukali.

Nakumbuka enzi za Mwingereza, vita vimekwisha si zamani sana, nami ni kijana fundi bati pale sokoni Lushoto. Nilitengeneza vibatari, nikaziba masufuria, na nilijiona sina mpinzani mpaka kule Mponde. Ukitaka kujua majivuno yangu yalikuwaje, muulize bibi yako, ndiye aliyeyapunguza. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa na bendi ya tarumbeta zilizoachwa na wamisionari Wajerumani. Zote zilikuwa za shaba, njano tupu, isipokuwa moja kubwa iliyopakwa fedha, na fedha yenyewe ilikuwa imebanduka mabaka mabaka. Pasaka ilipokaribia, mwalimu wa bendi, kijana mwenzangu aliyependa kila kitu kinyooke, akaniletea hiyo kubwa.

"Itoe fedha yote," akasema. "Nataka Pasaka bendi iwe rangi moja."

Desturi yetu unaijua. Alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini, kila familia inasimama penye watu wake, na tarumbeta zinapigwa kukipambazuka. Mwaka ule Mzee Zefania, mpigaji wa tarumbeta ile kubwa, alikuwa na kaburi jipya. Tulimzika mkewe wakati wa vuli. Tangu hapo mzee alikuwa mtu wa kuitikia salamu na kunyamaza, ila jambo moja alimwambia kila mtu: Pasaka atampigia mkewe.

Nilipata tindikali kwa sonara mmoja wa Korogwe. Nilifanyia kazi uani, nimeupa upepo mgongo, maana moshi wa kitu kile unakwaruza koo vibaya. Nilipaka kidogo kidogo kwa tambara lililofungwa kwenye kijiti, fedha ikilegea nasuuza haraka kwa maji mengi. Ukichelewa, tindikali inaanza kuila shaba yenyewe. Kisha nikasugua kwa majivu na limau. Tarumbeta ikatoka njano, inawaka, nikawa naitazama nacheka peke yangu.

Kilibaki kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, pale mpigaji anapopulizia. Nilikuwa nimekishika kwa koleo juu ya tindikali Mzee Zefania alipoingia uani.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Na kwetu mzee asipoitikia shikamoo, ujue una kesi.

"Na hicho nacho unakitoa fedha?"

"Ndiyo baba. Mwalimu anataka rangi moja."

Akaupindua mdomo wake wa juu kwa kidole, akainama nione vizuri. Palikuwa na kovu.

"Wakati wa vita nilipuliza tarumbeta ya kuazima, shaba tupu mpaka mdomoni. Midomo ilivimba, ikatoka vidonda, nikakaa bila kupiga mpaka mahindi yakavunwa. Mwalimu anatazama tu, yeye ukamsikiliza. Mimi ninayepuliza, umeniuliza lini?"

Mwanangu, niliona aibu, na nilipata hofu zaidi ya aibu. Kidogo tu nimnyang'anye mzee yule jambo pekee lililokuwa limemweka hai tangu vuli. Nikakiweka kile kikombe chini, mbali na tindikali, nikaomba radhi. Ndipo akasema, "Marahaba."

Mwalimu alinuna. "Kitaonekana!" akasema. "Tarumbeta nzima ya njano, halafu mdomoni nyeupe!" Nikamwambia lawama zote anipe mimi.

Siku ya Pasaka ukungu ulikuwa mzito na baridi kali. Mzee Zefania akasimama miguuni pa kaburi la mkewe, akapiga. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni lakini sauti haikutetereka hata mara moja. Mimi nilikuwa nimekaza macho kukitafuta kile kikombe cheupe, na mwalimu pembeni yangu naye alikuwa anakitafuta. Hatukukiona. Kilikuwa kimefunikwa na midomo ya mzee tangu wimbo ulipoanza mpaka ulipokwisha.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Kabla hujagusa kitu cha mtu, muulize anayekitumia: mkono wake unashika wapi, kinamuuma wapi. Watazamaji ni wengi, na wana maneno. Mtumiaji mara nyingi ni mmoja, tena amenyamaza, kwa hiyo mfuate wewe mpaka kwake. Usingoje akukute na koleo mkononi, kwa sababu mimi nilibahatika tu.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na akupe uvumilivu wa kuuliza, na kila atakayetumia kazi yako akutaje jina akiwa hana kidonda.