Jua Ndani ya Kamera

Juzi niliona kamera ya zamani dukani Singida mjini, nikakumbuka mchana jua lilipopatwa kule Mungaa, nikiwa binti mdogo. Mjomba, mwalimu wa kijiji chetu cha ujamaa, alikuwa amewaahidi wanafunzi wake picha. Alielekeza juu kamera ya kuazima, ikalia "kacha!", na giza likazidi. Kuku wakakimbilia bandani.

Nikaelewa kuwa amelifungia jua humo ndani. Alipoiweka chini ili achungulie angani kwa kioo kilichopakwa masizi, niliifungua kamera nyuma. Mwanga ukaanza kurudi.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimelitoa, mjomba. Ona!"

Sasa najua picha zote ziliungua palepale kwa mwanga ulioingia. Yeye aliitazama filamu, akanitazama, kisha akanibeba mabegani.

"Jamani," aliwaambia wanafunzi, "mshukuruni huyu."