Mwalimu Dorotea Harekebishi Tena

Saa mbili asubuhi, Nachingwea. Kompyuta tano zimefunikwa vitambaa, jenereta haijawashwa. Dorotea Nambunga (36) anapita kati ya madawati na kalamu ya risasi, akikagua madaftari.

Katika kituo hiki cha mafunzo ya kompyuta, programu huandikwa kwanza kwenye karatasi. Jenereta huwaka saa mbili tu kwa siku, na wanafunzi ni kumi na wanane. Hakuna wa kuchezea zamu yake.

Anasimama kwa Biasha Mkwanda, mkulima wa ufuta kutoka Ruponda. Biasha ameandika kitanzi, yaani amri ambazo kompyuta huzirudia mpaka hesabu itimie. Chake kinatakiwa kuhesabu magunia kumi.

"Mstari wa tatu una kasoro," anasema Dorotea.

"Ipi, mwalimu?"

"We! Nikikwambia, atakayekuwa amejifunza ni nani?"

Darasa linacheka. Dorotea hacheki.

Zamani alikuwa akirekebisha mwenyewe. Nukta mkato imesahaulika, anaiweka. Mabano hayajafungwa, anayafunga. Aliyefaidika kuliko wote ni Lukasi Malibiche, baba wa watoto wawili kutoka Mkotokuyana, aliyekuwa akija kwa baiskeli bila kukosa hata siku moja.

Mwaka jana, 2006, Lukasi alifanya mtihani wa cheti. Programu yake ikagoma. Alikaa saa nzima akiitazama skrini, muda ukaisha, akatoka mikono mitupu.

"Aliponionyesha karatasi yake, nililijua lile kosa. Ni mabano," anasema Dorotea, akiinamisha kichwa. "Nilimfungia zaidi ya mara ishirini na sikumwambia hata mara moja. Nilidhani namhurumia, kumbe namponza. Inaniuma mpaka leo."

Lukasi alirudi kwenye mikorosho yake. Hajakanyaga tena kituoni.

Tangu hapo Dorotea, anayelipwa shilingi 90,000 kwa mwezi, huonyesha mstari tu. Wapo wanaomwona ana roho mbaya. "Waache waseme," anajibu.

Saa tatu jenereta inanguruma. Biasha, aliyehangaika na mstari wa tatu kwa nusu saa, anaandika kwenye kompyuta alichokirekebisha mwenyewe. Moja, mbili, mpaka kumi. "Jamani, imekubali!" anapiga kelele.

Dorotea anampa mkono, kisha anatoka nje kufuta macho.

Jumamosi hii atakwenda Mkotokuyana.

"Siendi kumfundisha Lukasi. Naenda kumwomba radhi kwanza," anasema. "Akinifukuza, nitarudi Jumamosi nyingine."