Hina Iliyonizeesha Alasiri Moja

Kila Idi wajukuu zangu huniletea pakiti ya hina, nami huipokea kwa mikono miwili, nikawaombea dua, kisha nikaitia kabatini pamoja na zile za miaka iliyopita, na wao hubaki wakiulizana kwa nini nyanya yao, peke yake katika mtaa mzima wa Kibokoni, anaziacha mvi zake nyeupe pe. Wako wasemao ni uchamungu. (Waacheni waseme, sifa ya bure haikataliwi.) Wako wasemao najivuna. Ukweli ni kwamba naona haya, na haya hii ninayo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na kwa kuwa wengi walioishuhudia Mungu amewarehemu, na waliobaki wamesahau hata walipoweka meno yao, naona sasa naweza kuisimulia bila kujifunika leso usoni.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru. Nchi nzima ilikuwa ikingojea maendeleo, mimi nilikuwa nikimngojea Athmani. Athmani alikuwa karani bandarini Kilindini, na kila asubuhi alipita chini ya dirisha letu na baiskeli yake, suruali ameibana kifundoni isishikwe na mnyororo, na kila asubuhi mimi, kwa sadfa tu, nilikuwa dirishani nikianika kitu. Leso moja niliianika miezi minne. Yeye hakuinua macho hata siku moja, sijui ni adabu au ni kuogopa mashimo ya njia, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba ni adabu, na kwamba ama nitaolewa na Athmani ama sitaolewa.

Sasa, enzi hizo msichana hakuchaguliwa njiani. Njiani sote tulikuwa mabuibui meusi, hata mamako ungempita usimjue. Ulichaguliwa arusini, siku ya kupamba bibi arusi, wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, na akina mama wenye wana wa kuoa wamekaa wakitafuna tambuu na kuwakagua wasichana wa watu kama wakaguavyo samaki sokoni. Basi tukasikia kwamba mamake Athmani, Bi Zena, amealikwa kwenye kupambwa kwa binamu yangu Mwanaisha, na kwamba yuwaja na nia, na nia yenyewe yaelekea nyumbani kwetu. Mama akanambia mambo mawili tu: "Vaa vizuri, na usijitie ujuaji." La kwanza nililifuata.

Mtu mwenye akili zake angetia mafuta ya nazi kichwani, akasuka, akachomeka asumini, akaenda zake. Lakini mimi wiki ile nilikuwa nimekwenda sinema siku ya zanana, ile siku ya wanawake peke yao, nikamwona mchezaji mmoja ana nywele za rangi ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu, akigeuza kichwa zang'ara, na mwanamume mzima yuko nyuma ya mti anamlilia kwa kuimba. Nikajiambia, Batuli, rangi ndiyo hiyo, maana kila msichana wa Mombasa ana nywele nyeusi, na Bi Zena akishatazama nywele nyeusi thelathini atakumbuka za nani?

Mtaalamu wangu alikuwa Rukia, shoga yangu tangu chuo cha Kurani, ambaye utaalamu wake aliupata kwa shangazi yake aliyewahi kufagia hospitali. Rukia akanieleza kwamba hina juu ya nywele nyeusi haikolei, huonekana juani tu tena kwa kubembelezwa, kwa hivyo lazima kwanza nywele zichubuliwe na ile dawa ya vidonda inayofanya povu, halafu ndipo hina ipakwe. Siku yenyewe ya kupamba, baada ya adhuhuri, nikakaa uani kwao, nikachubuliwa, nikapakwa, ngozi ya kichwa ikaniwasha mpaka machozi yakanitoka, nami nikavumilia kwa kumfikiria Athmani na kifundo chake cha mguu. Tulipoosha, Rukia alinifuta maji shingoni. Kisha akasema, "Umependeza," akiutazama ukuta.

Haikuwa shaba. Ilikuwa chungwa, na kwenye mashina ilikuwa papai. Nikajitazama kiooni, na badala ya kulia, kufunga leso na kwenda nyumbani kulala na homa ya uongo, nikasema yafaa, hii ndiyo rangi ya kisasa, mwenye kuona na aone. Na jambo ambalo mimi na Rukia, wataalamu wawili, hatukuliwaza hata dakika moja, ni kwamba wako watu Mombasa waliokuwa na rangi ile ile vichwani mwao tangu enzi na enzi, nao ni vizee. Hina juu ya mvi hutoa chungwa. Kila bibi wa miaka sabini, kuanzia Kuze mpaka Tudor, alikuwa na kichwa changu.

Nilifika arusini alasiri. Madirisha yalikuwa yamefungwa na kutiwa mapazia ili wapitao njiani wasichungulie, kwa hivyo mle ndani mlikuwa na kiza na moshi wa udi, watu wanaonekana nusu nusu. Nikavua buibui mlangoni hali nimempa mgongo mpokezi, mama mmoja mwenye heshima zake, naye akanishika kiwiko polepole akasema, "Pita huku, nyanya, wazee wenzako wako upande ule. Angalia kizingiti."

Nilitaka kugeuka nimwoneshe uso, wallahi nilitaka. Lakini nikaona kule ninakopelekwa, juu ya mkeka, ameegemea mto, amekaa Bi Zena mwenyewe, na ubavuni mwake pana nafasi ya mtu mmoja. Wasichana wote waliokuwa mle wangetoa bangili zao wapate nafasi ile. Nikanyamaza, nikajiachia kiwiko kishikwe, hata nikachechemea kidogo.

Kumbe Bi Zena alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yamefanya ukungu, na miwani hakutaka kuisikia kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, miwani ni ya wazee. Akanisogezea mto. "Masalkheri, mwenzangu. U hali gani? Na miguu?"

Nikaikwaruza sauti. "Alhamdulillahi. Miguu yasumbua."

"Ya nani haisumbui," akasema, akanifungulia kijaluba chake cha tambuu. Hapo sikuwa na njia, maana kizee gani hatafuni? Nikatia kinywani jani zima, na popoo, na chokaa, na tumbaku, mimi ambaye mpaka siku ile kikali nilichowahi kutafuna ni tangawizi.

Akaniinamia. "Nimekuja kutazama binti," akanong'ona. "Humu mna mmoja aitwa Batuli. Wamjua?"

"Namjua tangu siku aliyozaliwa," nikasema, na Mungu shahidi, huo haukuwa uongo.

Hapo ningenyamaza. Ningesema ni mtoto mzuri, basi. Lakini nambieni, nani katika nyinyi amepata kuulizwa sifa zake mwenyewe na akaachiwa kuzijibu atakavyo? Nikamwambia Batuli akipika wali wa nazi punje haigusani na punje, Batuli amehitimu msahafu mara mbili, sauti yake haijapata kusikika nje ya mlango, akiambiwa neno huinamisha kichwa, na dirishani hajulikani kabisa. (Leso yangu wakati huo ilikuwa bado yaning'inia pale pale dirishani.)

Bi Zena akatafuna kwa muda. "Chema chajiuza, mwenzangu," akasema, "kibaya chajitembeza." Nami nikaitikia kwa kichwa, tena kwa busara, nikiona amesema neno la maana kuhusu watu wengine.

"Wewe ni nani wake?"

"Nyanyake. Mamake mamake."

"Na bwana yuko?"

"Ametangulia." Babu yangu alikuwa ametangulia kweli. Nyanya naye alikuwa ametangulia, miaka minane, ila hilo hakuniuliza.

"Mjane," akasema Bi Zena, akanipapasa mkono. "Na mkono bado laini, mashallah." Nikadhani ni huruma.

Halafu tumbaku ikapanda. Mikeka ikaanza kuzunguka, Mwanaisha juu ya kiti chake cha bibi arusi nikamwona wawili, jasho likanitoka la rangi ya hina, na mate mekundu yakanichuruzikia kwenye gauni jipya la hariri ambalo mama alikuwa amelishonesha kwa ajili ya siku ile ile. Nikaomba ruhusa, nikaondoka nikipapasa ukuta, na safari hii sikuwa naigiza. Nikajitia buibui nikatoka kabla mama hajaingia.

Mama alipokiona kichwa changu nyumbani hakunipiga. Aliketi. Kisha akasema leso isiondoke kichwani mwangu mpaka nywele nyeusi ziote, na kwamba Bi Zena akiuliza, nilikuwa mgonjwa. Habari za mkekani sikumwambia. Niliona mambo yamekwenda vizuri, sifa zimefika, zimesemwa na mtu mzima wa kuaminika.

Na siku ya sita Bi Zena akaleta salamu kwamba yuwaja yeye na dadake kwa jambo la kheri. Nyumba ikafagiwa mara tatu. Nikaoga, nikajifukiza, nikafunga leso mbili, moja juu ya nyingine, nikasimama nyuma ya pazia na sinia la halua, nikisikiliza moyo wangu na yanayosemwa sebuleni.

"Tumekuja kuposa," akasema Bi Zena.

"Karibuni kheri," akasema mama, sauti yatetemeka kwa furaha.

"Kaka yangu mkubwa, Mzee Shee, amefiwa na mkewe mwaka wa pili huu, na nyumba bila mtu si nyumba. Sasa siku ya kupamba nilikaa na mamako. Mjane wa heshima, hina imemkolea, mazungumzo yake matamu. Apenda kidogo kumsifu mjukuu wake, lakini nani hana kasoro."

"Mamangu?" akauliza mama.

"Nyanyake Batuli."

"Bi Zena," akasema mama, "mamangu tumemzika. Mwaka wa nane huu."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Nilitafuna naye tambuu," akasema Bi Zena kwa sauti ndogo. "Nilimshika mkono." Kisha akaanza kusoma Ayatul Kursi, aya ya kujikinga, dadake naye akaanza yake, akakosea, akarudi mwanzo kwa sauti kubwa zaidi, na mama, ambaye ndiyo kwanza asikie mamake ameonekana arusini, akaangua kilio. Majirani waliposikia kisomo na kilio kwa pamoja wakajua pana msiba, wakaanza kupanda ngazi, na wa kwanza kufika aliuliza maiti ni nani.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Ningeweza kutoka, nikaenda kwa Rukia, nikaacha mji mzima uamini kwamba nyanya yangu hufufuka kwenye arusi za watu. Lakini mama alikuwa akiita, "Mama, mama," vile mtoto aitavyo, na sauti ile ilinikata maini. Sikupenda kumwona amefiwa mara mbili kwa ajili ya nywele zangu. Nikatoka nyuma ya pazia, nikaweka sinia chini, nikafungua leso ya kwanza, nikafungua ya pili.

Bi Zena akakata aya katikati. Akaja, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanisogelea mpaka pumzi yake ya karafuu ikanifika. "Ndiye," akasema. "Ila amepungua miaka hamsini."

Akaniachia kidevu.

"Na yule Batuli," akaendelea, "mtulivu, asiyesikika nje ya mlango, asiyejulikana dirishani, yuwapi?"

"Ndimi," nikasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama, machozi yake hayajakauka. Kisha sebule, kisha ngazi, kisha nikasikia kicheko kinateremka chini na kutoka njiani, na mtu akimweleza mwenziwe aliyechelewa. Lau Bi Zena angekasirika ningeokoka, ningesema ni mkali, sikumtaka mkwe mkali. Lakini alicheka mpaka akapaliwa, akanywa kahawa yake akamaliza, akavaa buibui, na mlangoni akamwambia mama kwa upole, "Nilikuja na posa mbili. Ya kaka yangu, na ya Athmani. Huyo binti ningemchukua pamoja na kusifiwa kupita kiasi. Sasa namjua aliyemsifu." Akaondoka nazo zote mbili.

Jumatatu asubuhi nilikwenda dirishani, kichwa wazi kwa kusahau, kuondoa ile leso, na safari hii kweli nilikwenda kwa ajili ya leso. Athmani akaja na baiskeli yake. Akabana breki. Akaweka mguu mmoja chini, akainua macho yake, mara ya kwanza tangu nimjue, nayo yalikuwa mazuri kuliko nilivyoyakisia, akanitazama kichwani, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, nyanya."

Na mimi kinywa changu, ambacho hakijapata kungojea akili, kikamjibu, "Marahaba."

Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyowahi kuwa nayo na Athmani. Baada ya miezi mitatu alimwoa Rukia, nywele nyeusi, mafuta ya nazi tu. Arusini nilikwenda, nikahakikisha nimekaa upande wa wasichana. Mimi niliolewa baadaye na mtu mwema ambaye hakujali nywele (alikuwa na chache), nikazaa, nikapata wajukuu, wale wale wa pakiti za hina, na juzi mdogo wao kanishika magoti akanambia, "Nyanya, paka kidogo tu, upendeze." Nikamwambia aipeleke kwa nyanya Rukia. Mimi kizee cha hina nilishakuwa mara moja, tena nikaposwa, yatosha.